Shangazi wa Miaka 140,000: Ubora na Udhaifu wa Tamthilia ya Kichina "Eternal Love"

Katika soko la Konyo Konyo, hapa Juba, kuna vibanda vya kuchajia simu. Mteja huacha simu yake, hupewa kipande cha karatasi chenye namba, kisha huendelea na shughuli zake au huketi kwenye benchi kusubiri. Katika kimojawapo cha vibanda hivyo, upande wa wauza mitumba, ipo televisheni ndogo inayowaka tangu jenereta linapoanza kunguruma asubuhi hadi linapozimwa jioni. Mwenye kibanda huwapakia wateja filamu na tamthilia katika flashi na memori kadi, na televisheni ile ndiyo tangazo la biashara yake. Hapo ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na tamthilia ninayokusudia kuijadili.

Kijana anayefanya kazi pale alikulia Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa kaskazini magharibi mwa Kenya mwaka 1992, na Kiswahili chake ni cha huko: cha haraka, chenye Sheng na Kiingereza ndani yake. Picha zilikuwa zikienda kwa Kichina na maandishi ya Kiingereza yakipita chini ya kioo, naye akiwafasiria waliokaa kwenye benchi: akina mama wa Uganda wanaouza nyanya na ndizi, fundi cherehani kutoka Kenya, na vijana wa hapa hapa. Akiona wengi ni wenyeji, huhamia Kiarabu cha Juba bila hata kupumua. Ni kazi ileile iliyowapa umaarufu DJ Afro nchini Kenya na Lufufu nchini Tanzania, ila huyu wetu hana maikrofoni wala hatozi chochote.

Siku hiyo mhusika mkuu alipotokea akiwa amevaa nguo nyeupe, kijana akawatangazia watazamaji wake: "Huyu dada ni jini mkubwa sana." Mama mmoja, ambaye kwa muda wa nusu saa alikuwa akimfuatilia dada huyo kwa mapenzi makubwa, akasimama. "Jini? Mwanangu, mbona hukusema mapema? Nipe simu yangu." Akaondoka na simu ambayo chaji yake haikufika hata nusu.

Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini niliporudi nyumbani tukio lile lilianza kunisumbua. Neno moja la mfasiri lilikuwa limemwondoa mtazamaji katika kisa alichokipenda. Je, kosa lilikuwa la mfasiri, la lugha yetu, au la tamthilia yenyewe? Nikaomba nipakiwe tamthilia nzima. Makala haya ni matokeo ya kuitazama yote, na ya kuijadili na wanafunzi wa somo la fasihi na somo la tafsiri muhula uliopita.

Kwanza niseme jambo kuhusu istilahi. Sisi tuliosomea fasihi tumezoea kutumia neno tamthilia kwa andiko la mchezo wa kuigiza, kama vile Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Watazamaji wa televisheni wamelichukua neno hilo na kulitumia kwa kisa kirefu kinachoonyeshwa kwa sehemu, na hawana dalili ya kulirudisha. Katika makala haya nawafuata watazamaji.

Tamthilia yenyewe

Tamthilia za Kichina si ngeni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha "Doudou na Mama Wakwe Zake", iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa sana, kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Si vigumu kueleza kwa nini ilipendwa: mke kijana, mume, mama mkwe, jikoni, fedha zisizotosha. Hayo kila nyumba inayajua. Mfasiri wake hakuhitaji kueleza mama mkwe ni nani.

"Eternal Love" ni ya aina nyingine kabisa. Wachina huiita aina hiyo xianxia, neno linalounganisha xian, yaani kiumbe aliyevuka mpaka wa kufa, na xia, yaani shujaa anayetetea haki. Ni visa vya mapenzi na maajabu, ambamo watu huruka, hugeuka wanyama, hupigana kwa panga zenye roho, na huishi maelfu ya miaka bila mvi hata moja. Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa nchini China mwishoni mwa Januari 2017, ikiwa na sehemu 58. Mwongozaji wake ni Lin Yufen, nayo imetokana na riwaya ya mwandishi Tang Qi.

Kisa chake, kwa ufupi, ni hiki. Bai Qian ni binti wa ukoo wa mbweha wanaotawala nchi ya Qingqiu. Katika ujana wake alijigeuza mwanamume, akajiita Si Yin, akaenda kusoma kwa mwalimu mkuu Mo Yuan katika mlima Kunlun. Vita vikazuka, na Mo Yuan akatoa uhai wake ili kumfungia Qing Cang, mfalme wa upande wa pili, ndani ya kengele ya maajabu. Miaka 70,000 baadaye mfalme huyo akataka kutoka. Bai Qian akapambana naye na kumrudisha, lakini katika mapambano hayo akapoteza nguvu, kumbukumbu na hata sura yake, akaanguka duniani kama binadamu wa kawaida asiye na jina.

Hapo ndipo anapokutana na Ye Hua, mwana wa kifalme wa mbinguni. Wanaoana kwa kuinamia mbingu na ardhi, bila shahidi wala sherehe. Anaitwa Susu. Anapokuwa mjamzito anachukuliwa mbinguni, na huko hana nguvu, hana ndugu, hana wa kumtetea. Su Jin, mwanamke wa ikulu anayemtaka Ye Hua, anamsingizia kwamba amemsukuma kutoka jukwaani na kumharibia macho. Hukumu inatolewa: macho ya Susu yatolewe, apewe Su Jin. Anayeyatoa ni Ye Hua mwenyewe. Susu anajifungua mtoto wa kiume, kisha, akiwa kipofu, anajitupa kutoka katika jukwaa lilelile. Kuanguka huko hakumuui, bali kunamrudishia asili yake. Anazinduka akiwa Bai Qian, na kwa sababu maumivu ni makubwa anaomba dawa ya kusahau. Anakunywa. Anamsahau mume, anayasahau mateso, anamsahau na mtoto.

Miaka 300 baadaye wanakutana tena. Ye Hua anakumbuka, Bai Qian hakumbuki. Sehemu iliyobaki ya tamthilia ni safari ya kumbukumbu hiyo kurudi.

Kilichofanywa vizuri

Sifa ya kwanza ni uigizaji. Yang Mi anabeba nafsi tatu za mwanamke mmoja, yaani Si Yin, Susu na Bai Qian, na mtazamaji hahitaji kuelezwa ni yupi anayemwona. Si Yin hutembea kwa hatua za mvulana mtundu. Susu huinamisha kichwa na hushika vitu kwa uangalifu, kama mgeni katika nyumba ya watu. Bai Qian huketi kama mtu ambaye hajawahi kuombwa asogee. Mark Chao naye anaigiza Ye Hua na Mo Yuan pia, ambao baadaye inafichuka kuwa ni ndugu pacha. Wanafunzi wanaolalamika kwamba hawaelewi tofauti kati ya kueleza mhusika na kuonyesha mhusika, nawashauri wazime sauti wamtazame Yang Mi kwa dakika kumi.

Sifa ya pili ni muundo. Kisa hakimfichi mtazamaji jambo ambalo wahusika wanafichana. Ye Hua anapokutana na Bai Qian katika karamu, nasi tunajua, naye anajua baada ya muda, ila mwenye kidonda ndiye asiyejua. Mtoto A-Li anamkimbilia na kumwita mama. Bai Qian anashangaa, anacheka, anamrekebisha kwa upole. Pale kibandani nilimwona fundi cherehani akiacha kushona. Watunzi wetu wa riwaya za mfululizo katika magazeti walizijua kunga hizi za kuchelewesha ugunduzi, lakini ni mara chache nimeona zikitumiwa kwa subira kama hii. Mwaka huohuo wa 2017 ilitoka pia filamu ya riwaya hiyohiyo, ambamo Bai Qian ni Liu Yifei. Filamu ina picha za kupendeza zaidi, lakini inakimbia. Katika muda usiotosha kupika maharage mtu anapendwa, anapofushwa, anasahau na kukumbuka, na hakuna lolote linalouma. Mateso ya Susu yanahitaji siku nyingi za kawaida kabla yake: kupika, kuosha, kungoja mume arudi.

Sifa ya tatu ni Susu mwenyewe. Tamthilia za aina hii zimejaa viumbe wenye nguvu wanaorushiana radi, na mtu huchoka nazo haraka. Susu hana kitu. Jina lake limetokana na neno lenye maana ya kitu kisichotiwa rangi wala nakshi. Anapofika mbinguni anakuta mahali ambapo kila mtu anajua kanuni isipokuwa yeye, na ambapo kosa lake la kwanza ni kuwapo. Watazamaji wengi wa Konyo Konyo wamewahi kuwa wageni katika nchi za watu, wakasimama kwenye foleni mbele ya meza ya ofisa bila kujua karatasi gani inatakiwa. Hawakuhitaji ufafanuzi.

Udhaifu

Udhaifu mdogo nitaupitia haraka. Sehemu 58 ni nyingi mno. Kisa cha Li Jing na Xuan Nü kingeweza kupunguzwa nusu na hakuna ambaye angekikosa. Wanyama na mazimwi yaliyotengenezwa kwa kompyuta hayaaminiki, na baadhi ya mandhari ya mbinguni yanafanana na ukumbi wa arusi uliojaa moshi wa mashine. Su Jin ni mwovu tangu mwanzo hadi mwisho, hana siku hata moja ya kusitasita, na mhusika wa namna hiyo tungemwita bapa bila kufikiri mara mbili. Kifo nacho hakina uzito: Mo Yuan anakufa anarudi, Ye Hua anakufa anarudi baada ya miaka mitatu. Mtazamaji akishajua hivyo huweka leso mfukoni.

Halafu kuna suala la ukimya wa Ye Hua. Anajifanya hamjali Susu ili kumkinga na ghadhabu ya mfalme wa mbinguni. Hamwambii. Angesema sentensi moja tu usiku mmoja, tamthilia ingeisha katika sehemu ya ishirini. Baadhi ya wanafunzi wangu wanaume walimtetea: mwanamume hubeba mzigo kimya. Wanawake darasani hawakukubali hata mmoja. Mimi nasema kwamba ukimya huo ungekuwa maudhui mazuri kama tamthilia ingeuhoji. Badala yake inausifu, na kumpa Ye Hua muziki wa huzuni kila anaponyamaza.

Lakini udhaifu mkubwa ni mwingine, na nilichelewa kuuona. Aliyeuona ni mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili.

Katika ulimwengu wa xianxia, kiumbe wa mbinguni hupanda cheo kwa kupita majaribu. Bai Qian anaporejea katika hali yake inaelezwa kwamba maisha yake ya duniani yalikuwa jaribu lake, na kwa kulipita amefikia daraja la juu, shangshen. Wahusika wanampongeza na kisa kinaendelea. Mwanafunzi huyo aliinua mkono, akasema: "Mwalimu, kumbe aliyeteseka ni binadamu, aliyepandishwa cheo ni mwingine."

Nilitaka kumjibu kwamba Susu na Bai Qian ni mtu mmoja. Kwa upande wa ploti hilo ni kweli. Lakini tamthilia yenyewe imetumia saa nyingi kutuonyesha kwamba Susu ni mtu kamili, mwenye tabia zake, nyumba yake, woga wake na mapenzi yake. Ikishamaliza kutuliza, inatuambia kwamba alikuwa ngazi ya kupandia. Mateso ya mtu asiye na nguvu yanageuzwa kuwa cheti cha mwenye nguvu. Waliomhukumu wanabaki katika viti vyao kwa muda mrefu, na mfalme wa mbinguni aliyeiamuru hukumu haulizwi swali.

Hebu tulinganishe na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Humo nako mna majini, mageuzi na adhabu za ajabu. Nduguze Adili wamegeuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku ijapokuwa moyo wake haupendi. Mwishowe maajabu yanatumika kuwarudishia ubinadamu wao. Safari nzima inaelekea kwenye utu. Katika "Eternal Love" safari inaelekea upande mwingine: mtu anatoweka, anabaki mtukufu. Simaanishi kwamba kila kazi ya fantasia lazima imfuate Shaaban Robert. Ninachosema ni kwamba msomaji aliyelelewa na fasihi ya Kiswahili ana sababu ya kuhisi kuna kitu hakijalipwa.

Kwa haki lazima niongeze kwamba tamthilia yenyewe inaonekana kuihisi dosari hiyo. Kumbukumbu zinapomrudia Bai Qian, jambo la kwanza analofanya si kumtafuta Ye Hua. Anakwenda kwa Su Jin na kuyachukua macho yake, kwa mkono wake mwenyewe. Ni tukio la kutisha, na pale kibandani lilishangiliwa kama bao. Katika dakika hizo chache Susu anazungumza kupitia kinywa cha Bai Qian. Tukio hilo ndilo bora kuliko yote katika tamthilia nzima, na ndilo linalonifanya niipe alama za juu kuliko nilivyopanga. Ila baada ya hapo kengele inafunguka, vita vinaanza, na Susu anasahaulika kwa mara ya pili.

Dawa ya kusahau

Nilifanya kosa la kupanga mjadala kuhusu dawa ya kusahau kwa dakika kumi na tano, nikidhani ni suala la ploti. Nilitaka waijadili kama mbinu: je, ni njia rahisi ya mtunzi kuanza kisa upya? Niliuliza, kama kichokoo tu, nani angeinywa.

Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye kwa kawaida hazungumzi, alisema: "Mimi ningeinywa." Darasa likanyamaza. Katika chumba kile karibu kila mmoja ana mwaka wake: yupo ambaye kwake ni 2013, yupo ambaye ni 2016, na wapo watu wazima ambao miaka yao ni ya nyuma zaidi. Mwenzake aliyekaa mbele akageuka, akamwuliza taratibu: "Na mtoto je?" Maana Bai Qian aliponywa alimsahau hata A-Li, aliyekua miaka 300 akimjua mama kwa picha tu. Yule wa kwanza hakujibu. Nami sikuona kama ilikuwa kazi yangu kumlazimisha. Tuliendelea na wahusika wasaidizi.

Walimu wenzangu walioko katika nchi nyingine za Afrika Mashariki wameniuliza kama si kupoteza muda kuingiza tamthilia ya mapenzi ya Kichina katika somo la fasihi. Nawajibu kwamba katika mihula kadhaa ya kufundisha dhamira kwa kutumia vitabu vilivyoteuliwa, sijawahi kupata swali zito kuliko lile la maneno matatu. Hata hivyo nakiri pia kwamba sikuwa nimejiandaa. Mwalimu atakayeijaribu sehemu hii asiiweke mwishoni mwa kipindi, wakati kengele inakaribia kulia.

Mambo ya tafsiri

Sasa nirudi kwa yule mama aliyeondoka na simu yake. Katika somo la tafsiri niliwapa wanafunzi kazi ya kutia Kiswahili katika matukio matatu, wakitumia maandishi ya Kiingereza yaliyomo, na mimi nikitumia kamusi ya Kichina kukagua baadhi ya maneno. Tuligundua mapema kwamba Kiingereza si daraja la kuaminika sana.

Tuanze na jina. Riwaya na tamthilia kwa Kichina huitwa San Sheng San Shi Shi Li Taohua. Kwa Kiingereza imeandikwa kuwa ni maisha matatu, dunia tatu, maili kumi za maua. Lakini li si maili. Ni kipimo cha Kichina cha takribani nusu kilomita, hivyo li kumi ni kilomita tano tu. Mfasiri anayepita kwa Mwingereza anaongeza shamba hilo zaidi ya mara tatu. Tena sheng na shi, katika msemo huu, ni maneno yanayokaribiana sana maana, yote yakihusu muda wa uhai wa mtu, nayo yamewekwa pamoja kwa ajili ya mkazo, kama sisi tunavyosema daima dawamu. Dunia tatu hazimo. Ama maua, wanafunzi waliandika "pichi", na wapo wazee wa Lushoto ambao wangewakumbusha kwamba Kiswahili kinalo neno fyulisi, na mti wake ni mfyulisi. Jina tulilokubaliana ni "Maisha Matatu na Mifyulisi Ichanuayo". Si kamilifu, lakini angalau halina maili.

Eneo ambalo Kiswahili kilikishinda Kiingereza kwa mbali ni lile la majina ya udugu. Bai Qian ana umri wa miaka 140,000, na Ye Hua ni kijana wa miaka 50,000. Kwa hiyo wadogo wote humwita Bai Qian gugu, na yeye hulitumia jina hilo kumweka Ye Hua mbali: wewe ni mtoto, mimi ni gugu wako. Kiingereza kina neno moja tu kwa dada wa baba, dada wa mama na mke wa mjomba, na utani unapotea. Gugu ni dada wa baba hasa. Ni shangazi! Mwenye heshima ya upande wa baba, anayeweza kukusema mbele za watu. Na mtu hamposi shangazi yake. Wanafunzi wanaozungumza Kiarabu cha Juba hawakuhitaji maelezo, kwa sababu Kiarabu nacho hutenganisha dada wa baba na dada wa mama. Kijana wa Konyo Konyo nilipompa neno hilo alilijaribu siku hiyohiyo, na benchi zima likacheka mahali ambapo mtunzi alikusudia watu wacheke. Mama mmoja aliongeza kwa sauti: "Kijana anamtongoza shangazi yake huyu, hana adabu."

Neno lililotupa taabu ni zu. Kiingereza kimeandika kabila: kabila la mbinguni, kabila la mizuka, kabila la mbweha. Wanafunzi wawili walilikataa neno kabila kabla sijalijadili. Walisema kwamba katika mji huu, tamthilia yenye makabila mawili yanayopigana, moja likiwa jema na jingine ovu kwa kuzaliwa, haiwezi kutazamwa kama hadithi. Niliona wana haki, na si kwa sababu ya Juba peke yake. Zu katika Kichina humaanisha ukoo na pia humaanisha taifa au jamii ya watu, kwa hiyo mfasiri ana nafasi ya kuchagua. Tulichagua ukoo kwa mbweha, kwa kuwa kweli ni familia moja, na "watu wa" kwa waliobaki. Hatukukubali pia kuwaita wale wa upande wa Qing Cang mizimu, kwa sababu mizimu katika jamii nyingi za Kiafrika ni wahenga, si maadui.

Ndipo tukafika kwa shen, yaani kwa jini aliyemfukuza mama wa watu. Tulijaribu kila neno. "Miungu" liliwakera Wakristo na Waislamu darasani kwa pamoja, jambo ambalo si la kawaida. "Malaika" hawaoi wala hawazai. "Jini" katika simulizi za pwani anaweza kuwa mwema, mpenzi, hata mke, na Shaaban Robert alilitumia bila kumtisha mtu. Lakini ukivuka kwenda bara neno hilo huwa na uso mmoja tu, tena mbaya. William Mkufya katika Ziraili na Zirani aliweza kuandika juu ya mbingu na jehanamu kwa sababu msomaji wake anazijua tayari. Mbingu za Wachina ni serikali: zina mfalme, mawaziri, madaraja na kupandishwa vyeo. Hatimaye mwanafunzi mmoja akapendekeza "watukufu", nasi tukalipitisha.

Nililipeleka Konyo Konyo nikiwa na furaha ya mtu aliyekamilisha utafiti. Kijana akalijaribu. Fundi cherehani akainua uso kutoka kwenye mashine: "Mtukufu? Mtukufu Rais?" Kwa Mkenya wa umri wake neno hilo lina mwenyewe. Kijana alifikiri kidogo, akasema yeye atawaita "wale wa juu". Ndivyo anavyowaita mpaka leo, na hakuna aliyeuliza swali. Yule mama wa Uganda amerudi, lakini hukaa pembeni, na simu huichajia kibanda cha jirani.

Bado hatujapata neno la shifu, anavyoitwa Mo Yuan na wanafunzi wake, ambalo ndani yake mna mwalimu na baba kwa wakati mmoja. Walipendekeza mwalimu, ustadhi, sheikh na fundi, na kila moja lilipata mpinzani. Mwenye pendekezo aliandike pamoja na sentensi ya mfano, alilete ofisi ya idara kabla ya toleo lijalo.